Kompyuta zipo, mfumo upo, kazi haiendi: tatizo liko wapi?

Ofisi nyingi za huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia maduka ya pembejeo ya Makambako hadi zahanati za Kilolo na vyama vya ushirika vya Mbozi, sasa zina kompyuta au simu janja na angalau mfumo mmoja wa kuingizia taarifa. Kazi ikikwama, lawama huangukia mtandao, au wafanyakazi "wasiotaka kujifunza". Mara nyingi wote wawili wanasingiziwa. Ujuzi unaotakiwa umo humohumo ofisini, ila umekaa kwa mtu mmoja, au umekaa mahali ambapo anayeuhitaji haufikii. Mwongozo huu ni wa kuutafuta ulipo.

Kabla hujamwita fundi wala kuomba bajeti ya semina, bandika karatasi karibu na kompyuta inayotumika zaidi. Ichore safu tatu: nilikwama wapi, nilimuuliza nani, nilisubiri muda gani. Iache wiki nzima, tena wiki yenye pilikapilika, kama mwisho wa mwezi au katikati ya msimu. Usiweke safu ya jina la aliyekwama. Ukiiweka hakuna atakayejaza. Wiki ikiisha, anza kusoma safu ya pili. Jina moja likijirudia kila mstari, tatizo lako ni dalili ya kwanza hapa chini. Karatasi ikirudi nyeupe na wewe unajua fika kwamba kazi inakwama, ruka mpaka kwa wasiouliza.

Mtu mmoja akisafiri, kazi inasimama

Mhasibu kaenda msibani Tukuyu, na ofisi nzima inampigia simu. Kusema "tunamtegemea mno mtu mmoja" hakusaidii, hilo kila mtu analijua. Kaa karibu na anayepiga simu, usikilize anauliza nini, kwa sababu kuna maswali ya aina tatu na kila aina ina tiba yake.

Akiuliza "paswedi ni ipi?", kilichokosekana ni ruhusa. Ofisi nzima inaingia kwa akaunti moja. Mwombeni msimamizi wa mfumo amfungulie kila mtu akaunti yake kwa kadiri ya kazi yake. Mwenye paswedi akisita, mkumbusheni kwamba kosa likifanyika leo, jina litakalosomeka kwenye mfumo ni lake, hata kama saa hiyo alikuwa makaburini. Baada ya hapo yeye mwenyewe ndiye atakayedai akaunti zitenganishwe.

Akiuliza "nikishafika hapo nabonyeza wapi?", kilichokosekana ni hatua. Andikeni karatasi moja ya maelekezo, lakini iandikwe na yule aliyekuwa anauliza. Anayejua huruka hatua bila kujitambua. Ataandika "jaza taarifa za mwanachama, kisha hifadhi", asiseme kwamba tarehe ikianza na siku badala ya mwezi mfumo unakataa bila kueleza kwa nini. Mgeni hawezi kulisahau hilo, maana ndipo alipoteseka asubuhi nzima. Mzoefu apewe karatasi aipitie tu na kusahihisha.

Akiuliza "kwani pale wilayani unampigia nani?", basi mwenzenu ameondoka na watu wake. Orodha ya namba za simu ukutani ni mwanzo mzuri, ila haitoshi, kwa sababu ofisa wa wilaya anamjua mhasibu wenu na hamjui karani. Mpelekeni karani, asalimie, aonekane sura. Safari moja ya Vwawa au Mafinga inafupisha simu nyingi za baadaye.

Wamefundishwa, lakini wamerudi kwenye daftari

Mafunzo yamefanyika, vyeti vimetolewa, soda zimenywewa. Wiki chache baadaye daftari la kaunta limerudi mezani na kompyuta imefunikwa kitambaa.

Ulizia kwanza nani alikwenda kwenye hayo mafunzo. Barua ya mwaliko huomba mtu mmoja, na penye posho ya kujikimu huenda mkubwa. Karani anayeingiza kilo za wakulima kila jioni anabaki zamu. Mkubwa anarudi na makabrasha na flashi, vinaingia kabatini, mambo yameisha. Hapa sina lugha ya kupamba: mafunzo ya namna hiyo ni fedha iliyotupwa. Mwaliko ukija tena, aende anayefanya kazi yenyewe. Ikishindikana kabisa, ipangwe kabla ya safari kwamba aliyekwenda atamfundisha nani, siku gani, tena kwa kazi halisi ya siku hiyo, isiwe kwa mifano ya kwenye kabrasha.

Kisha angalia kalenda. Tangu msimu wa 2022/23 mbolea ya ruzuku inauzwa kwa kupitia mfumo wa kidijitali wenye taarifa za wakulima waliosajiliwa. Muuzaji wa Njombe akifundishwa mwezi wa Mei, mauzo makubwa yanamkuta Novemba mvua zinapoanza. Kwa miezi yote hiyo vidole vimesahau. Mafunzo marefu ya mapema hayafikii nusu siku ya marudio wiki moja kabla ya foleni.

Kama aliyekwenda ndiye na wakati ulikuwa mwafaka, sasa lifungue hilo daftari. Wakubwa wengi hulichukia, wengine hulifungia kabisa, na hapo ndipo wanapojinyima jibu. Linganisha safu zake na safu za mfumo. Duka la pembejeo litakuwa na tarehe, aina ya mbolea, mifuko na bei kwenye vyote viwili. Lakini pembeni kabisa ya daftari kuna kisafu chembamba cha penseli: "atamalizia akivuna viazi". Mteja ametoa nusu, nusu ni deni, na wote wawili wanajua litalipwa lini. Mfumo hauna pa kuliandika hilo. Muuzaji anayeutii analazimika kudanganya: aseme mfuko umelipiwa wote, au aseme haujatoka dukani. Daftari ndilo linalosema kweli, na ndiyo sababu limerudi.

Tiba yake haipo kwenye semina. Peleka ombi kwa wenye mfumo waongeze sehemu ya madeni, na uambatishe picha ya ukurasa wa daftari ili waone unachokisema. Wakati mnasubiri, kubalianeni waziwazi kwamba daftari linabaki kwa madeni tu, mengine yote yaende kwenye mfumo. Msiwaachie watu waandike kila kitu mara mbili. Hakuna anayelipwa mara mbili, na akichoka ataacha kile kisichomsaidia yeye.

Fred Davis, mtafiti wa Marekani, aliandika mwaka 1989 kwamba mtu huipokea teknolojia ya kazini kwa kupima mambo mawili: kama itamsaidia katika kazi yake, na kama ni rahisi kuitumia. Semina zetu hushughulika na la pili kuanzia saa tatu hadi saa kumi. La kwanza hakuna anayeliuliza.

Anayejua hasemi, asiyejua haulizi

Anayejua akikaa kimya, wepesi ni kumwita mchoyo. Kabla ya kumpa jina hilo, angalia mkataba wake. Kijana wa mkataba wa miezi sita, ambaye ofisini ndiye peke yake anayeijua Excel, anafahamu vizuri kwa nini mkataba wake huongezwa. Ukimwambia "washirikishe wenzako" unamwomba atoe kinachomweka mjini. Mhakikishie nafasi yake kwanza, au umwandikie kazi ya kufundisha kwenye majukumu yake, ndipo umwombe.

Mwingine hasemi kwa sababu hana muda. Anapimwa kwa ripoti zake, na kila swali analojibu linachelewesha ripoti hizo. Hapo mwenye kosa ni anayepima. Weka kujibu wenzake ndani ya malengo yake ya mwaka, au mtengee saa maalumu ya maswali, tuseme saa nane hadi saa tisa, na muda mwingine aachwe afanye kazi yake.

Wa tatu alishasema, kisha akasikia wazo lake kwenye kikao likitoka kinywani mwa bosi. Huyu ni mgumu kumrudisha. Xerox, kampuni ya Marekani ya mashine za kudurufu, ililishughulikia jambo hili miaka ya 1990 katika mfumo wake ulioitwa Eureka, ambamo mafundi walipeana mbinu za kutengeneza mashine korofi. Mbinu ilikaguliwa na mafundi wenzake kabla ya kuingizwa, ikabaki na jina la aliyeileta. Fedha haikuwa chambo. Mafundi walitaka wenzao wajue mbinu ile ni ya nani. Kwenye karatasi zenu za maelekezo pia andikeni chini: "imeandaliwa na fulani". Ni wino kidogo tu.

Wasiouliza wana habari yao. Huku kwetu umri una uzito, na hiyo si kasoro ya kurekebishwa na semina. Mtunza stoo mwenye miaka thelathini ya kazi hatamuuliza kijana wa mafunzo kwa vitendo mbele ya wateja namna ya kupunguza bidhaa kwenye kompyuta. Afadhali abaki na kadi zake za stoo. Ukiwalazimisha kikaoni utapata "ndiyo" nyingi na hakuna kitakachobadilika. Inayofaa ni asubuhi, kabla kaunta haijafunguliwa, na kijana ndiye aanze kwa kuuliza kitu ambacho kweli hakijui:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kamwene."

"Kamwene. Mzee, salio la mwezi jana halilingani na mifuko iliyopo. Nimehesabu, sioni nakosea wapi."

"Hukosei. Kuna mifuko ililowa, tumeisogeza kule nyuma, haikuandikwa popote. Hebu nionyeshe hapo unapopunguza."

Kijana amepata kitu ambacho kompyuta isingempa hata angeikodolea macho mpaka jioni, na mzee ameuliza alichotaka kuuliza bila kushuka. Kijana angeanza na "mzee, ngoja nikufundishe", mazungumzo yangeishia kwenye salamu. Kama wewe ni kiongozi, kazi yako hapo ni kuwapangia zamu inayoanza pamoja, kisha uondoke.

Kipimo kinasoma sawasawa, bidhaa haiko sawa

Dalili hii huonekana viwandani zaidi kuliko maofisini, na ndiyo inayowachanganya wanaoamini kila kitu kinaweza kuandikwa.

Chukua kiwanda cha chai, vipo Mufindi, Rungwe na Njombe. Majani mabichi hufika yakiwa na maji ya robo tatu ya uzito wake au zaidi, na lazima yanyaushwe kwanza. Yanatandazwa kwenye vitanda virefu, feni zinapuliza hewa kutoka chini, na huweza kuchukua usiku mzima. Siku hizi kuna vipimo vya joto na unyevu vinavyoonekana kwenye skrini. Msimamizi mpya anaangalia skrini, anaona namba imefika, anaruhusu majani yaende mashineni. Mzoefu anaingiza mkono, anafumbata konzi moja, anaibana, anaifungua. Bonge likitawanyika haraka, bado. Likibaki limeshikana, kikonyo kikapinda bila kukatika, tayari. Juni na Julai, ukungu ukiwa umelala juu ya mashamba na hewa ni baridi yenye maji, mkono wake humwambia "bado" saa ambayo miezi mingine angeshasema "tayari".

Mwambie aandike anachokijua. Ataandika mistari minne, na yote itakuwa kweli, na hakuna atakayejifunza kwayo. Michael Polanyi, mkemia mzaliwa wa Budapest aliyehamia kwenye falsafa, alilisema hili katika maandishi yake ya mwaka 1966: mtu anajua zaidi ya anavyoweza kueleza. Kumlaumu mzoefu kwamba anaficha ni kumwonea. Hafichi. Maneno ya kulieleza hilo jambo hana, na pengine hakuna aliye nayo.

Lakini asiyeweza kueleza anaweza kukosoa, na hapo ndipo pa kushika. Mwanafunzi ashike majani kwanza na aseme kwa sauti: "bado" au "tayari". Ndipo mzee ashike, aseme la kwake. Viandikwe vyote viwili, pamoja na saa, hali ya hewa na namba iliyokuwa kwenye skrini. Mkiendelea hivyo msimu mzima, kutoka baridi hadi mvua, mtakuwa na jedwali linaloonyesha ni siku gani skrini na mkono vinapatana na ni siku gani vinaachana. Siku za kuachana ndizo zenye elimu. Simu nayo isaidie: mpige video mkono wa mzee ukibana na kuachia, kikonyo kikipinda, karibu kiasi cha kuona. Video ya namna hiyo ina faida kuliko ile ya mtu aliyesimama mbele ya mtambo akisoma maelezo.

Dawa hiyohiyo inafaa kwa mkata mbao wa Mafinga anayejua kwa mlio kwamba msumeno umeanza kuwa butu, na kwa muuguzi anayemwona mgonjwa mlangoni na kumwita daktari kabla kipimo hakijasomwa.

Grupu la WhatsApp limejaa, jibu halionekani

Jibu lilitolewa mwezi wa pili, kila mtu anakumbuka lilitolewa, hakuna anayelipata. Liko chini ya rambirambi, michango ya harusi, picha za "asubuhi njema" na sauti ya dakika nne ambayo hakuna mwenye bando la kuisikiliza tena. Kuwakataza watu kusalimiana ni kupoteza muda. Fungueni grupu la pili la maswali ya kazi tu, lenye masharti mawili: swali liandikwe kwa maandishi likianza na jina la kazi yenyewe ("Risiti: mashine haitoi karatasi"), na jibu liandikwe kwa kujibu ujumbe huohuo. Hapo hata kutafuta kwa neno kunawezekana.

Hata hivyo grupu si ghala. Kila Ijumaa mtu mmoja, kwa zamu, apitie maswali ya wiki na kunakili majibu yaliyofanya kazi kwenye faili moja la ofisi. Simu zinaibiwa, zinaangukia ndoo za maji, na zinaondoka na wenyewe.

Na kuna kitu kisichopaswa kupita humo kabisa: picha za mafaili ya wagonjwa, orodha za mishahara, vitambulisho vya wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na "tulikuwa tunasaidiana kazi" hautakuwa utetezi mzuri. Mkitaka kuonyesha skrini, funikeni majina kwanza.

"Mfumo ni mzito"

Wakati mwingine ni mtandao kweli. Fanya kazi ileile kwa intaneti ya simu ya mtu mwenye laini ya kampuni nyingine. Ikienda, shida ni rauta, bando au mnara. Isipoenda kwa laini zote, uliza ofisi jirani inayotumia mfumo huohuo kabla hujafungua kompyuta. Wakati wa masika ya huku, Novemba hadi Aprili, radi ikianza kunguruma chomoa waya za umeme na za mtandao ukutani. Kuzima swichi pekee hakutoshi. Na kama "mzito" unatamkwa na mtu mmoja tu kati ya watano, rudi kwenye karatasi ya hatua.

Amehama, na kila kitu kimehama naye

Soma hati ya makabidhiano ya mwisho mliyoiandika. Itakuwa na viti, kabati, muhuri, funguo, labda kompyuta na namba yake. Haitakuwa na faili gani ni la kweli kati ya "bajeti mpya", "bajeti mpya 2" na "bajeti mpya ya mwisho kabisa". Haitasema ni mteja yupi hulipa kwa kuchelewa lakini hulipa, wala kwa nini ripoti ya robo mwaka hutumwa siku mbili kabla ya tarehe iliyoandikwa.

Kibaya zaidi kinakuja siku ya kwanza mrithi anapotaka kuingia kwenye mfumo: namba ya uthibitisho inatumwa kwenye simu ya aliyehama. Yuko Sumbawanga, simu haina chaji, na foleni ya wateja inaangalia. Wengine hukuta barua pepe ya ofisi ilifunguliwa kwa laini binafsi ambayo mwenyewe alishaiacha kitambo, na laini isiyotumika muda mrefu hufungwa.

Kwa hiyo, taarifa ya uhamisho ikifika tu, msisubiri siku ya mwisho ya keki na picha. Ofisi inunue laini yake, isajiliwe kwa jina la taasisi, ikae kwenye simu ya ofisi inayofungiwa kabatini, na akaunti zote zihamishiwe huko moja baada ya moja anayehama akiwa amekaa hapohapo. Kisha mrithi afanye kazi zote za wiki moja yeye mwenyewe, kwa mikono yake, anayehama akitazama tu. Kila atakapolazimika kufungua mdomo, hicho alichokisema kiandikwe kwenye hati ya makabidhiano, chini ya viti na makabati. Akishaondoka, abaki kwenye grupu la maswali mwezi mmoja kwa ridhaa yake. Siku mtakayomtoa, mwageni kwa shukrani, na paswedi zibadilishwe jioni hiyohiyo.